Mbuzi Mmoja, Si Watatu

Nyumba yangu ndiyo kubwa katika ploti yetu hapa mtaa wa Raila, Nairobi, vyumba viwili vilivyotobolewa mlango katikati, kwa hiyo mtu akifa upande wetu, matanga huwa kwangu. Sijawahi kulalamika. Napenda nyumba ikijaa mpaka watu wanakalia ndoo. Lakini Jumamosi ile Mutinda aliposimama na kuuliza swali lake, kwa mara ya kwanza nilitamani wote watoke nje wachukue na ndoo zangu.

"Mimi nauliza tu," alisema, kofia mkononi. "Huyu Nzembi ni nani?"

Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Mutomo, kule Kitui, kuja kumchukua marehemu. Marehemu alikuwa Kaveke, mama wa viondo, aliyeketi miaka na miaka pale Makina akiuza vikapu alivyosuka kwa mkono wake. Mutinda alikuwa mtoto wa shemeji yake, kaka wa Kitheka, yule mume aliyemwacha Kaveke mjane angali kijana. Tulikuwa tumekutana kupanga safari ya kumpeleka akazikwe kando ya Kitheka. Tulishamaliza habari ya gari. Tulishamaliza habari ya sufuria. Ndipo Mutinda akasimama.

Nzembi alikuwa chini, kwenye mkeka karibu na mlango, leso imemfunika kichwa. Mwanawe Ian, fundi wa kuchomelea mageti kule Sarang'ombe, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Unauliza na unamjua," nikamwambia. "Si ni asubuhi hii tu umekula chapati zake."

"Mama Valentine, nimekula, na zilikuwa tamu. Hata mfanyakazi hupika chapati." Hakusema kwa dharau. Alionekana amechoka. "Nitawaeleza shida yangu. Kule nyumbani, penye kaburi, kuna mahali pa watu wa nyumba na kuna mahali pa wageni. Ukoo mzima utakuwa unatazama. Nimsimamishe wapi huyu mama? Na udongo wa kwanza, nani ataurusha? Kama mama mkubwa alikufa bila mtoto, basi ni mimi. Kama alikuwa na mtoto, mniambie alimpata kwa njia gani, ili nami nikiulizwa niwe na la kusema."

Ian akafungua mdomo. Nzembi akainua mkono bila kugeuka, naye akafunga.

Hapo lazima nieleze, maana hata mimi nilichukua muda kuelewa. Mimi ni Mbukusu, mambo ya Ukambani niliyakuta hapa Nairobi. Nilipohamia Raila nilimkuta Kaveke na Nzembi wakiishi pamoja na mtoto mdogo, nikadhani ni mama mkwe na mke wa mwanawe. Siku moja nikauliza, kwani mume amesafiri? Kaveke alikuwa anasokota katani kwenye paja lake. Akasema, "Mume ni mimi." Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka.

Alinieleza polepole, uzi ukiendelea kurefuka chini ya kiganja chake. Kwao, nyumba ya mtu aliyekufa bila mtoto haiachwi izimike hivihivi. Mwanamke mwenye nyumba anaweza kwenda kuoa mwanamke mwenzake. Anapeleka mbuzi kwao kama mwanamume yeyote, anamleta nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba hiyo, wanaitwa kwa jina la yule marehemu. Huyo aliyeolewa anaitwa iweto. "Na si mambo ya kitanda," akaongeza, kwa sababu aliona mdomo wangu umeshafunguka. Baba aliyemzaa Ian kwa damu hakuulizwa wala hakutajwa. Ian ni mtoto wa Kitheka, ambaye alikufa kabla Nzembi hajamjua. Alimwita Kaveke susu, yaani nyanya. Nzembi alimwita mwaitu, mama yangu. Nasi jirani tukawazoea, tukawasengenya kidogo, tukaacha.

Sasa swali lilikuwa limesimama katikati ya nyumba yangu na kila mtu alitaka kulishika.

"Ndoa ni cheti," alisema Morris, keateka, msimamizi wa ploti. "Huna cheti, huna ndoa. Ni hivyo tu."

"Basi hapa ndani hakuna aliyeoa," akajibu Shiundu, mume wangu. "Mimi na huyu mama tumekaa njoo tuishi tangu Valentine hajazaliwa. Hata jogoo sijapeleka kwao."

"Baba, nyamaza, unajishtaki," Valentine akasema, na watu wakacheka, hata Mutinda. Mimi sikucheka sana. Hilo la jogoo tutakuja kuliongea siku yake.

Valentine wangu anafanya kazi katika ofisi moja ndogo inayosaidia watu wasio na uwezo wa loya. Hajasomea uloya kamili lakini sheria anaijua mlango wa mbele na wa nyuma. Watu wakamgeukia.

"Katiba inasema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine," alisema. "Sasa mkisimama hapo, Anko Mutinda ameshinda. Lakini sheria hiyohiyo inatambua ndoa za kimila. Na kuna majaji ambao wameshaamua kesi za familia kama hii, wakasema mila ikithibitishwa, huyu ni mke na watoto ni wa nyumba. Kwa hiyo tukienda kortini, tuna mahali pa kushika."

"Itachukua muda gani?" Nzembi akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo.

Valentine akatazama chini. "Siwezi kukudanganya, aunty. Mwili utazuiwa mochari mpaka wamalize."

"Basi hapana," Nzembi akasema. "Mwaitu alikuwa anaogopa baridi. Hakai kwenye barafu akingoja watu wabishane."

Mutinda akavaa kofia, akaivua tena. "Mimi sitaki korti. Korti itaniambia sheria, lakini ukoo hawataniuliza sheria. Wataniuliza ntheo." Akatugeukia sisi tusio Wakamba. "Ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja. Wanapelekwa kwao msichana. Wale majike wanabaki kwa mzazi wake. Beberu anachinjwa palepale, pande zote mbili zinakula pamoja. Hapo ndipo mtu anaitwa mke. Unaweza kuwa na pete, unaweza kuwa na picha ya arusi ukutani, bila ntheo wewe ni mgeni. Na beberu asipoliwa, wale wengine ni mifugo tu iliyohamishwa boma." Akachuchumaa mbele ya mkeka. "Nzembi, beberu wenu aliliwa?"

Nzembi akaivuta leso mbele kidogo.

"Siku hiyo msichana hukaa ndani," Nzembi akasema. "Sikuona. Waulizeni kwetu."

Kwao siku hizi palikuwa Kawangware. Wazazi wake walishakufa kule Ukambani, aliyebaki ni kaka yake mdogo, Kavoi, na shangazi yao Kathini anayeishi kwake. Tangu Kaveke afe, Kavoi hakuwa amekuja hata kusema pole. Alituma ujumbe kwenye simu: Mungu awatie nguvu. Kwa Nairobi hii hata mtu aliyekuuzia sukuma wiki mara mbili anafanya zaidi ya hapo.

Tulienda Jumapili, kanisa likiisha. Tulitembea, Nzembi mbele na Mutinda, nyuma Ian na Valentine, mimi katikati nikijaribu kusikia pande zote mbili. Mbele hawakuongea. Nyuma Ian alikuwa anasema, "Mimi sina noma na udongo. Wanipe nirushe ama wasinipe, susu ni susu. Ni mathe ndio naonea huruma. Wakimsimamisha na wageni, huyo atakufa hapohapo."

Kavoi anauza milango na madirisha yaliyotolewa kwenye majengo ya zamani. Ua wake umejaa milango imeegemezwa ukutani, inayotazamana, hakuna inayofunguka popote. Ni mzee wa kanisa lao. Tulimkuta bado amevaa tai. Alitupa viti, akatupa soda, akatuombea, kisha Mutinda alipoeleza kilichotuleta, akaweka chupa yake chini.

"Dada yangu hakuolewa," alisema. "Alikuja Nairobi kufanya kazi kwa mama mmoja. Ndivyo ninavyojua, na ndivyo kanisa langu linavyojua."

Nzembi akaisogeza soda yake mbali.

"Kavoi," Mutinda akasema, "mimi ndiye ninayepaswa kukataa. Wewe unakataa kwa sababu gani? Huyu ni wenu."

"Kwa sababu Mungu aliumba mume na mke. Na hata Katiba imeandika hivyo. Kanisa na serikali hawajawahi kukubaliana jambo hapa Kenya. Siku wamekubaliana, mnataka mimi ndiye nipinge?"

"Anko, hiyo ni nusu ya Katiba," Valentine akaanza.

"Msichana, nimeshasikia nusu inayonitosha."

Nje, chini ya kibanda cha mabati, kinu kilikuwa kikitwangwa tangu tuingie. Kikanyamaza. Shangazi Kathini akaingia na mchi mkononi, mahindi ya muthokoi yamemrukia hadi kwenye nyusi. Ni mama mzee mwembamba mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

"Nani amesema hakuolewa? Mimi ndiye niliyepika chai siku ile! Sufuria iliniunguza hapa." Akaonyesha mkono, ingawa kwa mikunjo yake hatukuona kovu lolote. "Kaveke alikuja kule nyumbani na mbuzi watatu na wanaume wawili wa kumsindikiza. Alivaa koti la marehemu mumewe. Jua lote lile, na koti! Watoto wakamfuata nyuma wakicheka. Yeye akatembea kama haoni."

"Na mbuzi walipokelewa?" Mutinda akauliza.

"Wote watatu."

"Na beberu alichinjwa?"

Kathini akakaa kwenye kiti cha karibu. Akaweka mchi magotini. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

"Hapo ndipo kaka yangu, baba yao, alipoleta ukaidi. Kisu kilikuwa kimeshanolewa. Akasema, 'Mimi nitakula na mwanamume wa nyumba hiyo, si na koti lake.' Wale wanaume wawili wakasema wao wanaweza kukata. Akasema hapana, nyinyi ni wasindikizaji. Tulidhani Kaveke atafunga mbuzi wake kamba arudi nao. Hakurudi nao. Akasema, 'Basi mfungie huyu beberu. Nitarudi na mwanamume wa nyumba yangu, ndiye atakayekukatia.' Kaka akamuuliza, 'Utamtoa wapi?' Akasema, 'Binti yako atanizalia.'" Kathini akatikisa kichwa. "Nzembi akaondoka naye jioni hiyohiyo."

"Na akarudi na huyo mwanamume?"

Kathini akamtazama Ian, kijana mwenye mabega ya kuinua vyuma, akatazama sakafu. "Mtoto alichelewa kuja, miaka mingi. Kikaja kiangazi, kisha baba yao akafa, mtoto bado ananyonya. Kisha Kaveke akaanza kuugua sukari. Jambo likakaa."

Mutinda akavuta pumzi ndefu. Niliona amepata jibu na hakulifurahia.

"Basi beberu hakuliwa," alisema. "Hakukuwa na ndoa."

Nitampa Mutinda haki yake. Mtu mbaya angeinuka aende. Yeye alikaa, akasugua magoti, akasema, "Lakini kuna njia. Kwetu mwanamume akifiwa na mwanamke ambaye hajamfanyia ntheo, anapeleka mbuzi kwao kabla ya maziko, na mwanamke anazikwa kama mke. Hapa aliyekufa ni upande wa mume, lakini naweza kuzungumza na wazee, wataelewa. Kesho asubuhi nitanunua mbuzi watatu. Nitawaleta hapa mimi mwenyewe kwa niaba ya mama mkubwa. Tutakula. Na Nzembi atasimama penye kaburi kama mke, na Ian atarusha udongo. Kavoi, ukikubali kupokea, limeisha."

Nilitaka kupiga makofi. Valentine alikuwa tayari anatabasamu. Ian akamshika mama yake bega. Kila mtu alimtazama Kavoi, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa akimtazama Nzembi aliposema, "Siwataki watatu."

"Nini?"

"Leta mmoja."

"Nzembi, sikatai kutoa. Watatu nitawapata..."

"Najua utawapata." Alikuwa ameondoa leso kichwani. Nywele zake zina mvi, nilikuwa sijaziona. "Ukileta watatu, utakuwa unaniposa kesho. Nani ananiposa? Mwaitu yuko mochari, hawezi kuposa mtu. Na kama ninaolewa kesho, jana nilikuwa nani? Mwaka juzi, nilipokuwa namfunga vidonda vya miguu, nilikuwa nani? Huyu," akamgusa Ian, "alizaliwa katika nyumba ya nani? Ukileta watatu, unakubaliana na kaka yangu. Unasema nilikuja Nairobi kufanya kazi kwa mama mmoja, na alipokufa wakanionea huruma wakanipa jina."

"Mama," Ian akasema kwa sauti ya chini, "ni mbuzi tu. Chukua watatu, twende tumzike susu."

"Si mbuzi tu. Wawili walishakwenda. Walipokelewa. Kilichobaki ni chakula kilichokatizwa. Watu waliinuka kabla ya kumaliza kula. Leta mmoja tumalize."

"Na ukoo wakisema mmoja hatoshi?" Mutinda akauliza.

"Basi nitasimama na wageni."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Nilimwona Ian akifunga macho. Mwanamke alikuwa amepewa mlango wazi, na anasema hapiti, kwa sababu ya idadi ya mbuzi. Ningekuwa mimi, Mungu anisamehe, ningechukua hata kumi. Lakini nilikumbuka lile koti. Kaveke alitembea katika jua na koti la marehemu, watoto wakimcheka, ili huyu aitwe mke siku ile. Isiwe kesho.

"Hesabu ya mmoja inaanzia wapi?" Mutinda alisema, karibu kwa kuomba. "Mimi nitawaambia nini? Nitajuaje kwamba mzee hakuwa amekataa ndoa yote? Alikataa kula! Mtu akikataa kula kwako, si amekukataa?"

Kathini alijaribu kusema kitu juu ya chai, akaacha.

Ndipo Kavoi akasema, "Hakumuuza."

Alikuwa anaitazama ile milango nje.

"Nani hakumuuza?"

"Baba. Yule beberu." Alikuwa amelegeza tai. "Mimi ndiye niliyekuwa nawachunga. Nilikuwa mdogo. Wale majike walizaa, wakazaa tena, tukanywa maziwa, wengine tukauza nikavaa viatu nikaenda shule. Beberu akabaki. Ulipokuja ule ukame tuliuza kila kitu. Tuliuza mpaka kitanda. Nikamwambia baba, tuuze huyu beberu, bado ana mwili. Alinipiga kofi. Akasema, 'Huyo hauzwi, huyo ana wenyewe, wanakuja kumla.'" Akaivua tai kabisa. "Tulikuwa tunalala njaa, na beberu amefungwa pale mlangoni. Nilimchukia sana yule mbuzi. Baba alipokufa, beberu alikuwa mzee haoni. Alikufa mwaka huohuo. Nikamzika, sikumtupa. Sikujua kwa nini namzika."

Kathini alikuwa amefunika mdomo.

"Mtu aliyekataa ndoa," Mutinda akasema polepole, kama anayejisomea, "angemla peke yake. Ama angemuuza."

"Angemuuza," Kavoi akasema.

"Alikuwa anangoja."

"Alikuwa anangoja."

Mutinda akasimama. Akavaa kofia yake na safari hii akaiacha kichwani. "Basi ukoo wakiniuliza, nitawaambia ndoa ilikuwa tangu siku ile na sahani ilikuwa bado mezani. Nitaleta mmoja. Lakini, Kavoi, lazima wewe ule. Wewe ndiye upande wao sasa. Usipokula, tumerudi palepale."

Kavoi akaikunja tai yake kiganjani. Nilijua anafikiria benchi la mbele kule kanisani, na nani atakalia nafasi yake.

"Nitakula kama mtoto wa baba yangu," alisema. "Mambo ya kanisa nitayajibu kanisani."

"Na Mungu?" Kathini akamchokoza, machozi bado yako mashavuni.

"Shangazi, Mungu alimwona yule beberu akinusurika ukame. Nitamwuliza alikuwa na maana gani."

Jumatatu Mutinda alirudi Kawangware na beberu mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Wateja wa Kavoi waliambiwa warudi kesho. Tulikuwa wachache. Nilizoea matanga yenye kelele na nyimbo, lakini ile ilikuwa kama watu waliokuja kusikia jibu la daktari. Kavoi alisema kuna jambo moja: mtoto kumkatia mtu mbuzi wa mama yake, hilo halijawahi kuonekana. Kathini akamjibu kwamba Ian hakati kama mtoto wa Nzembi, anakata kama mwenye nyumba ya Kaveke, na kwa kuwa ni mbuzi wa mama yake atakata tu, hataonja, Mutinda atakula kwa niaba ya nyumba. Kavoi akakubali.

Nzembi aliomba akae ndani.

"Ndani wapi?" nikauliza. "Njoo ukae na watu."

"Siku hiyo msichana hukaa ndani," aliniambia, na niliona hafanyi mzaha. Basi tukaketi kwenye kitanda cha Kathini nyuma ya pazia, mwanamke wa miaka hamsini na mimi, tukisikiliza. Tulisikia kwato zikigonga saruji. Tulimsikia Mutinda akisema, "Shika hapa, usiogope, shika." Tulimsikia Ian akivuta pumzi. Kisha kimya, kisha maji yakimwagwa. Nzembi alikuwa ameshika magoti yake kama msichana.

Harufu ya nyama ilipoingia, alinigeukia.

"Wanakula?" akaniuliza. "Chungulia."

Nikachungulia pembeni mwa pazia. Ian alikuwa anakata na kugawa, kipande kwa Mutinda, kipande kwa Kavoi, mikono yake imejaa mafuta, na mwenyewe hali. Mutinda alikula upesi kama mtu mwenye njaa. Kavoi alikishika chake muda mrefu. Kisha akakitia mdomoni, akatafuna, akatafuna, akageuka kutazama milango yake ili tusimwone uso. Akameza. Akanyoosha mkono akaomba kingine.

"Anakula," nikasema. "Ameomba cha pili."

Kathini alipiga kigelegele kimoja tu, kifupi, cha chini, kwa sababu ya msiba.

Nzembi alilia hapo. Hakuwa amelia kwangu, wala mochari, wala siku Kaveke alipokata roho akiwa mikononi mwake. Alilia akiwa amejifunika leso ya Kathini, na aliponyamaza alisema, "Sasa nimemaliza kuolewa, Mama Valentine. Naweza kuanza ujane." Sikuwahi kusikia maneno kama hayo na sikujua kama ninapaswa kumpongeza au kumpa pole. Nilimshika mkono nikayasema yote mawili.

Jumatano alfajiri tulienda mochari kumchukua Kaveke. Nzembi alikuwa amebeba kiondo alichokuwa marehemu akikisuka, mkanda wake haujafungwa. Mhudumu alitutokea mlangoni akiwa na glavu, akauliza ni nani wa karibu, aingie amtambue na kumvalisha.

Macho yote yalimwendea Mutinda, maana ndiye mwanamume mkubwa. Yeye akasogea pembeni.

"Ni huyu," alisema. "Ni mke wake."

Mhudumu akamtazama Nzembi, akatutazama sisi. "Mke? Lakini aliye ndani ni mama."

"Ndiyo," Mutinda akasema. "Mfungulie."

Mlango ukafunguliwa, baridi ikatujia miguuni, na Nzembi akaingia.